Puto Halijai: Mwongozo Kamili wa Kutengeneza Mapafu ya Chupa

Kila mada ya upumuaji inapofika, simu yangu hujaa picha za mapafu ya chupa, mfano wa kuonyesha jinsi tunavyopumua: ukivuta puto lililofunika chini, ya ndani yajae hewa. Chupa imekatwa kitako, ndani yananing'inia maputo mawili kama soksi zilizoanikwa, na chini yake ujumbe uleule: "Madamu, nimevuta hadi puto la chini limechanika, ya ndani hayajai. Nimekosea wapi?" Nyingine zinatoka Ujiji, nyingine Mwandiga, na juzi imekuja moja ya Kasulu, kwa mzazi aliyekesha akimsaidia mwanawe kazi ya shule.

Nafundisha Baiolojia hapa Kigoma, na wala siwacheki. Mwaka wangu wa kwanza kazini nilisimama na chupa yangu mbele ya mkondo mzima. Nikavuta. Nikavuta tena. Maputo yakanitazama tu. Kijana mmoja wa nyuma akasema, "Madamu, huyo keshakufa." Darasa likavunjika mbavu, nami nikageukia ubao nikachora mchoro.

Mwongozo huu umepangwa kwa kufuata pale watu wanapokwama. Tenga saa mbili na usiruke majaribio ya kuvuja, hata kama macho yako yanakwambia kila kitu kimekaa sawa.

## Elewa hili kabla ya kushika wembe

Muulize mtu yeyote kwa nini kifua hutuna tunapovuta pumzi. Atakujibu: kwa sababu hewa imeingia. Ni kinyume chake. Kifua hutanuka kwanza, hewa hufuata.

Mapafu hayana msuli wa kuyatanua, kwa hiyo hayawezi kuvuta chochote. Anayefanya kazi ni kiwambo, ule msuli mpana unaotenga kifua na tumbo, ulioinuka katikati kama bakuli lililofunikwa. Kikikaza, kinashuka na kubapa. Wakati huohuo misuli iliyo katikati ya mbavu inazinyanyua juu na nje. Chumba cha kifua kimekuwa kikubwa, lakini hewa iliyomo ni ileile, basi kanieneo yake, yaani nguvu inayosukumia kuta, inapungua. Hewa ya nje, ambayo sasa inasukuma kwa nguvu zaidi, inaingia kwa mlango pekee ulio wazi: pua na koo.

Tofauti yenyewe ni ndogo ajabu. Ukipumua kwa utulivu, kanieneo ndani ya mapafu hushuka kwa milimita 1 hivi ya zebaki (ndicho kipimo chake), wakati kanieneo ya hewa usawa wa bahari ni milimita 760. (Kwetu huku, ziwa likiwa mita 770 na ushee juu ya bahari, haifiki hata 700.) Kwa tofauti ndogo namna hiyo, kitundu cha sindano kinatosha kuharibu kila kitu.

Kwa hiyo kanuni ya kazi hii ni moja tu: chumba kiwe na mlango mmoja. Chupa yako ikikataa, ujue kuna mlango wa pili mahali fulani. Yote utakayofanya hapa chini ni kuuzuia huo mlango wa pili usitokee, au kuusaka umeshatokea.

## Vifaa

Chupa ya plastiki ya soda, lita 1.25 hadi 2. Isiwe ya maji ya kunywa. Chupa ya maji ni nyembamba. Ukivuta kiwambo, kuta zinabonyea kwa ndani na ule ukubwa uliotaka kuupata unapotea. Chupa ya soda imetengenezwa ngumu kwa sababu hubeba gesi.

Maputo matatu, na mengine mawili ya akiba. Mawili madogo yawe mapafu, moja kubwa liwe kiwambo. Yabonyeze kabla ya kununua: puto lililokaa juani dukani huwa linanata na lina vipele vyeupe. Hilo liache.

Maganda mawili ya kalamu za wino. Mirija ya kunywea soda hubonyea ukiifunga kwa mpira. Ganda la kalamu halibonyei.

Nta ya nyuki, kipande cha ukubwa wa yai. Tuna bahati, mkoa huu asali si jambo la kutafuta. Waulize wauza asali sokoni Mwanga, ile nta iliyobaki baada ya kukamua. Nta ya mshumaa inafaa kwa shida, ila hupasuka ikipoa. Plastisini ya watoto inafaa pia. Udongo wa mfinyanzi usijaribu: leo umeziba, kesho umekauka na kupasuka.

Vipande vya tyubu ya baiskeli, vyembamba kama kamba ya kiatu, vinne. Fundi baiskeli yeyote atakupa bure.

Tepu nyeusi ya umeme, wembe, mkasi, msumari wa nchi nne, koleo, jiko la mkaa, beseni la maji na sabuni.

Onyo la kwanza, na hili nalirudia kila mwaka. Kuna wanafunzi wanaookota mipira ya dripu kwenye majalala kwa sababu ina umbo zuri. Usiguse kitu chochote kilichotumika hospitali. Hakuna alama za mtihani zinazostahili kuchomwa sindano ya mtu usiyemjua.

Onyo la pili ni la watu wa Kigoma hasa: osha mikono kwa sabuni kabla ya kushika maputo. Mafuta hula mpira wa puto, na vidole vilivyotoka kwenye mboga ya mawese vinatosha. Puto halitapasuka papo hapo; litalegea, kisha litachanika kesho yake mbele ya watu. Ukihitaji utelezi, tumia maji ya sabuni.

## Hatua ya 1: Kata chupa

Zungushia chupa uzi, theluthi moja ya urefu kutoka chini, na chora mstari kwa kuufuata. Toboa kwa wembe, kisha endelea kwa mkasi. Sehemu ya juu ndiyo kifua. Kitako weka pembeni.

Simamisha chupa mezani ikiwa imeelekea chini, utazame usawa wa ukingo. Ukiona mwanga unapita chini yake, punguza palipozidi. Ukingo wenye mawimbi hauwezi kubanwa vizuri na puto.

Halafu zungushia ukingo wote tepu ya umeme, nusu nje, nusu ikunjwe ndani. Plastiki iliyokatwa ni kali kama bati, na maputo mengi ya chini "yanayochanika yenyewe" hukatwa hapa.

Ukifaulu: unapitisha kidole ukingoni mzunguko mzima na hakuna kinachokukwaruza.

## Hatua ya 2: Lainisha maputo

Puliza kila puto hadi likaribie kujaa, liache dakika tatu, toa hewa. Rudia mara tano au sita. Kila mtu ameliona hili bila kulifikiria: pumzi ya kwanza katika puto jipya inavimbisha mashavu, ya pili ni nafuu. Puto ambalo halijalainishwa ni kaidi kuliko nguvu ya kiwambo chako, na chupa itakataa hata kama haivuji popote.

Mtoto mchanga naye hufanya kazi hiyohiyo. Pumzi yake ya kwanza inahitaji nguvu kubwa kuliko zote zinazofuata, kwa sababu mapafu bado yamejaa majimaji na hayajawahi kufunguka.

Ukifaulu: puto linaanza kujaa kwa pumzi ndogo, bila mashavu kuuma.

## Hatua ya 3: Mfuniko na mirija

Hapa ndipo nilipoanguka mimi.

Toa wino na kifuniko cha nyuma cha kalamu, ubaki na ganda tupu lililo wazi pande zote mbili. Sasa litazame kwenye mwanga. Maganda mengi ya kalamu za plastiki angavu yana kitundu kidogo sana ubavuni, katikati. Kitundu hicho kikikaa ndani ya chupa, hewa ya nje itashuka kwenye ganda, itokee kitunduni, na kuingia moja kwa moja kwenye chumba cha kifua bila kupita kwenye puto. Huo ndio mlango wako wa pili, na utautafuta hadi usiku usiuone. Kizibe kwa nta, kisha zungushia tepu mara mbili.

Weka msumari kwenye makaa hadi uwe mwekundu. Ushike kwa koleo, uwe nje ya nyumba au dirishani, maana moshi wa plastiki si wa kuvuta, hasa ukiwa na pumu. Toboa mfuniko wa chupa matundu mawili, yakaribiane, yaachane kwa milimita 3 tu. Yakiachana zaidi ya hapo, maganda hayatapita shingoni mwa chupa. Anza na tundu dogo, upanue polepole. Tundu pana kuliko ganda ni kupoteza nta bure.

Pitisha maganda yote mawili. Moja lishuke chini kuliko jenzake kwa sentimita 2, ili vifundo vya maputo visigombane. Ndani ya chupa, chini ya shingo, maganda yatokeze sentimita 4 hadi 6.

Wengi huniuliza: kwa nini nisiunganishe mirija kwa umbo la panda la manati, kama koo lenyewe linavyogawanyika? Unaweza, na kitabuni ndivyo lilivyochorwa. Lakini panda lina viungo vitatu vya kuvuja, na viko ndani ambako kidole hakifiki. Mimi nimeshaacha. Nafunga maganda mawili pamoja kwa tepu huku juu, kisha nawaambia wanafunzi kwa mdomo kwamba katika mwili ni bomba moja linalogawanyika mara mbili, kila tawi na pafu lake.

## Hatua ya 4: Ziba kwa nta

Usiyeyushe nta juu ya moto mtupu, inawaka. Weka kipande kwenye kopo dogo, kopo ndani ya sufuria ya maji ya moto. Au usiyeyushe kabisa: ikande mkononi kama unga wa chapati hadi ilainike, kisha ibandike.

Funga mfuniko kwenye chupa kwanza, ukaze, ndipo uzibe. Anayeziba kabla ya kukaza huja kuuzungusha mfuniko na kuing'oa nta yake mwenyewe. Jaza pembe zote kati ya ganda na tundu. Maganda mengi yana pembe sita, na tundu ni la mviringo. Kisha zungushia nta pale mfuniko unapokutana na chupa, kwa sababu joto la msumari huwa limeupinda kidogo.

Ukifaulu: ziba kwa kiganja sehemu ya chini iliyo wazi, weka midomo kwenye ganda moja huku lingine umeliziba kwa kidole, na puliza taratibu. Hewa isitoke popote juu. Mate kidogo yaliyopakwa kwenye nta yatatoa povu panapovuja.

## Hatua ya 5: Funga mapafu

Ingiza mkono kwa chini. Visha shingo ya puto dogo kwenye ganda, ipande angalau sentimita 2, kisha zungusha kipande cha tyubu mara nne ukikivuta. Uzi usitumie. Uzi hukaza mahali pamoja na kukata, tyubu hubana eneo pana. Rudia kwa puto la pili.

Sasa jaribio. Puliza ganda moja, puto litajaa ndani ya chupa. Ziba juu kwa kidole na uchovye chupa kwenye beseni, utazame kama povu linatoka. Fanya hivyo kwa kila puto peke yake.

Jaribio hili nilifundishwa na fundi baiskeli wa Mwanga, si na chuo. Nilikwenda kuomba vipande vya tyubu, akaniuliza vya nini, nikamsimulia masaibu yangu. Akaichukua chupa, akaizamisha kwenye karai lake la maji meusi, akaonyesha kwa bisibisi: "Mwalimu, pancha yako hii hapa." Povu lilikuwa linatoka kwenye kile kitundu cha kalamu.

## Hatua ya 6: Kiwambo

Chukua puto kubwa. Funga fundo shingoni kabla ya kulikata. Kisha kata upande wa pili, ubaki na nusu yenye fundo. Ukianza kukata, fundo litakusumbua.

Lowesha ukingo wa chupa kwa maji ya sabuni kidogo. Tanua puto kwa vidole vinne, livishe chupa kwa chini, fundo likae nje, katikati kabisa. Hicho ndicho kishikio chako. Puto lipande juu ya ukingo kwa sentimita 3, ufute maji, ufunge kwa tyubu, na juu yake tepu.

Mvutano uwe wa wastani. Kiwambo kilichokazwa kama ngoma hakivutiki. Kilicholegea kama shuka hakirudi. Ukikibonyeza kwa kidole kikabonyea sentimita moja bila shida, kisha kikarudi chenyewe, kiko sawa.

Mfuko wa plastiki badala ya puto? Haunyumbuki, kwa hiyo ukiuachia haurudi wenyewe kama puto. Tena mifuko hiyo imepigwa marufuku tangu Juni 2019, sijui unaipata wapi.

Mara nyingi ukimaliza utakuta maputo ya ndani yamekunjamana, yamebanwa. Umefungia hewa nyingi chumbani. Inua ukingo wa kiwambo upande mmoja kwa ukucha, isikike "fss", rudisha.

## Hatua ya 7: Jaribio la pancha

Kabla ya kumwita mtu aje aone, fanya haya mawili.

La kwanza ni la kavu. Ziba maganda yote mawili kwa kidole gumba. Vuta fundo la kiwambo, shikilia, hesabu hadi kumi, achia. Kiwambo kikirudi bapa kama kilivyokuwa, chumba kimefungwa. Kikibaki kimetuna nje, kuna hewa iliyoingia ulipokuwa unahesabu.

La pili ni la maji. Maganda yakiwa yamezibwa vilevile, zamisha chupa na ubonyeze kiwambo kwa ndani. Fuata povu. Kwa uzoefu wangu, mahali pa kutazama kwanza ni ukingo wa kiwambo, kisha nta ya mfuniko.

Kausha, ziba, rudia.

## Hatua ya 8: Vuta

Shika fundo, vuta polepole sentimita 3 hadi 4. Maputo ya ndani yatajikunjua, kisha yatatuna. Achia polepole. Yatanywea.

Usitegemee yajae kama ya sherehe ya kuzaliwa. Ukubwa wa chumba ulioongeza ni wa nusu kikombe tu, na maputo hayawezi kupokea zaidi ya hapo. Mtu aliyekuonyesha picha ya maputo yaliyojaa chupa nzima aliyapuliza kwa mdomo.

Likijaa moja tu, jingine ni kaidi: lipulize mara kadhaa zaidi kupitia ganda lake. Kuta za chupa zikibonyea, chupa ni nyembamba, anza upya na nyingine. Yasipojaa yote na Hatua ya 7 ilipita, rudi Hatua ya 2, hukuyalainisha.

## Sasa mfano uanze kufundisha

Kuvuta na kuachia ndiyo nusu ya kazi, na ndipo wengi wanapoishia. Hapa ndipo chupa inapolipa gharama yake.

Moshi wa udi. Washa kijiti cha udi, kiweke sentimita 2 juu ya maganda, mbali na mpira. Vuta. Moshi unapinda na kuingia ndani. Hakuna aliyepuliza, umeitanua tu nyumba na mgeni kaingia mwenyewe. Nikiwa na dakika tano tu darasani, naonyesha hili, mengine naacha.

Achia bila kusukuma. Mwambie mwanafunzi aangalie mkono wako unapoachia: haufanyi kazi yoyote. Kutoa pumzi ya kawaida ndivyo kulivyo. Kiwambo kinalegea, mapafu yananywea kwa unyumbufu wake, hewa inatoka. Misuli ya tumbo inaingia kazini pale unapotoa hewa kwa nguvu, kama unapokohoa, unapopuliza moto au unapoimba.

Pumu. Sokota pamba kidogo kwenye midomo ya maganda, isizibe kabisa. Vuta kwa kasi ileile. Maputo yanachelewa, na ukiachia yanachelewa zaidi kunywea. Mwenye pumu njia zake za hewa zimebana, na taabu yake kubwa mara nyingi iko kwenye kutoa hewa, ndiyo maana unasikia mluzi anaposhusha pumzi. Kiwambo chake hakina tatizo, kinafanya kazi hadi kinachoka.

Kifua kilichotobolewa. Liache hili la mwisho kwa sababu linaharibu chupa. Pasha sindano moto na toboa ubavu wa chupa. Vuta. Hakuna kinachotokea. Kiwambo kinashuka vizuri, maputo mazima, mirija wazi, lakini hewa inapita ubavuni kwa sababu njia hiyo ni rahisi zaidi. Sasa weka kidole kwenye kitundu na uvute: pumzi imerudi.

Aliyechomwa kisu kifuani, au aliyevunjika ubavu ukatoboa pafu, humpata jambo hilihili. Hewa inaingia kwenye nafasi iliyo kati ya pafu na ukuta wa kifua, na pafu linanywea, ingawa mtu bado anahangaika kupumua. Kwa hiyo kila chupa iliyoshindwa na kutumwa kwenye simu yangu si takataka. Ilikuwa inaonyesha ugonjwa badala ya afya, na mwenye chupa hakujua.

## Pale chupa inapodanganya

Mwambie mwanafunzi mambo haya, asije akayaandika kwenye mtihani kama yalivyo kwenye chupa.

Kuta za chupa hazitembei, mbavu zinatembea. Weka viganja pembeni mwa kifua, vidole vikutane mbele, vuta pumzi kwa nguvu: vinaachana. Kiwambo cha kweli nacho hakitokezi nje kama puto unalolivuta. Huanza kikiwa kimeinuka na kushuka kuelekea bapa, sentimita 1 hadi 2 ukiwa umetulia, na karibu 10 ukivuta kwa nguvu zote.

Katika chupa kuna nafasi kubwa kati ya puto na ukuta. Kifuani hakuna nafasi hiyo. Pafu limegusana na ukuta, kati yao ni ngozi mbili laini na majimaji kiasi kidogo sana, kama vipande viwili vya kioo vilivyoloa: vinateleza, ila kuvitenganisha ni kazi. Na mapafu mawili hayalingani. La kulia lina sehemu tatu, la kushoto mbili, kwa kuwa moyo umechukua nafasi.

Uongo mkubwa kuliko wote ni kwamba pafu ni mfuko mtupu. Hapa acha chupa, nenda buchani ukanunue pupu ya mbuzi, yaani pafu lake, kipande kidogo tu. Kibonyeze, kinarudi kama godoro. Kitupe kwenye maji, kinaelea, ilhali ini linazama. Kimejaa vifuko vidogo vya hewa visivyoonekana kwa macho. Binadamu ana milioni 300 hivi, na ukivitandaza vyote vinafunika eneo la mita za mraba 70 hivi. Huko ndiko oksijeni inapovuka kuingia kwenye damu na kabonidayoksaidi kutoka. Hewa unayovuta ina oksijeni asilimia 21, unayotoa ina 16 hivi. Ukipata pupu yenye koo lake na ukataka kuijaza, tumia pampu ya baiskeli, kamwe si mdomo.

## Ukitaka kupima pumzi yako mwenyewe

Hili si lazima, lakini watoto hulipenda kuliko chupa.

Chukua dumu la mafuta la lita 5 lililooshwa. Mimina maji kwa chupa ya nusu lita, ukichora alama kila unapomimina, hadi lijae. Ziba mdomo kwa kiganja, ligeuze ndani ya beseni lenye maji, toa kiganja chini ya maji. Ingiza mpira mwembamba wa maji chini yake. Vuta pumzi hadi mwisho, puliza yote kwenye mpira. Maji yanashuka, soma alama.

Mtu mzima hutoa lita 3 hadi 5. Kisha jaribu pumzi moja ya kawaida: nusu lita tu. Na hata ukipuliza hadi uone nyota, lita moja na kidogo hubaki mapafuni. Haitoki.

Kila mtu awe na kipande chake cha mrija cha kuchomeka kwenye mpira, kwa sababu kifua kikuu hakibishi hodi. Usiruhusu mtoto apulize mfululizo: kabonidayoksaidi ikipungua sana kwenye damu, kichwa kinazunguka. Na vijana wa Kibirizi wanaoshindana kuzamia, nasema nanyi. Kuhema harakaharaka kabla ya kupiga mbizi hakukuongezei oksijeni ya maana. Kunapunguza ile gesi inayokwambia "rudi juu upumue", kwa hiyo unapoteza fahamu chini ya maji kabla hujasikia kiu ya hewa.

## Kuhifadhi

Legeza kiwambo, kitoe kabisa kama hutumii chupa kwa wiki nzima. Nyunyizia maputo unga wa sembe kidogo yasigandane, na uweke chupa kivulini, isiwe juu ya kabati lililo karibu na bati, kwa sababu nta ya nyuki hulainika mchana wa jua kali. Muhula ujao badilisha maputo yote matatu hata kama yanaonekana mazima. Maganda ya kalamu na mfuniko utatumia miaka. Wangu una nta ya mwaka wa nne sasa, na kile kitundu cha kalamu nimekizungushia tepu nyekundu ili kila anayeishika chupa aniulize ni cha nini.